Mpwa wangu wa miaka 15 amepigwa risasi na polisi. Tuanzie wapi?

Ndugu washauri,

Naandika kwa niaba ya dada yangu, ambaye kwa sasa hawezi hata kushika simu. Mwanawe wa miaka 15, mwanafunzi wa Gredi ya 9, alipigwa risasi Jumatatu mwendo wa saa moja unusu jioni kwenye uchochoro ulio nyuma ya ploti tunayoishi. Tulimtafuta usiku kucha. Tulimpata Jumanne adhuhuri mochari, na kwenye rejista ameandikwa "mwanamume Mwafrika asiyejulikana, miaka 20 hivi". Kituoni tuliambiwa walikuwa vijana watatu waliokaidi amri ya kusimama, na kwamba mmoja wao alikutwa na bastola ya bandia. Rafiki yake wa miaka 14 alikuwa naye. Anasema walikimbia kama watu wengine wote waliposikia mlio wa kwanza, na kwamba mtoto wetu alikuwa amewapa polisi mgongo alipopigwa.

Sasa mambo ni mengi na kila mtu ana lake. Upasuaji wa maiti umepangwa Alhamisi, na wazee wa ukoo wanataka tuzike Ijumaa. Kituoni wanamtaka dada aende kuandikisha taarifa. Nilipoenda kuulizia nikakuta tayari imechapishwa kwa Kiingereza, inangoja sahihi tu. Chifu amekuja na ujumbe kwamba "wakubwa" wako tayari kugharamia jeneza na gari la kusafirisha mwili mradi tusipige kelele. Jirani ana video ya sekunde 40 aliyoichukua dirishani, watu wanamwambia aiweke mtandaoni. Mama ya yule rafiki anataka kumtorosha mwanawe ampeleke mashambani kesho.

Kwanza, je, sheria inamruhusu polisi kumpiga risasi mtoto anayekimbia? Pili, tushike lipi kwanza?

Mjomba, Nairobi

———

Mjomba,

Pole sana, na utufikishie pole zetu kwa dada yako na familia nzima. Barua yako imetufikia Jumatano, kwa hiyo tunaanza na yale ambayo kesho jioni yatakuwa yamepita. Swali la sheria tutalijibu mbele.

Leo hii, kabla ofisi hazijafungwa, fika IPOA, ile mamlaka huru inayochunguza polisi, au piga simu yao ikiwa huwezi kufika. Makao yake makuu yako hapo Nairobi (walio mbali wana ofisi za kanda, zikiwemo za Mombasa, Kisumu na Garissa). Kisheria mkuu wa kituo ndiye anayepaswa kuwaarifu IPOA kila risasi ya polisi inapoua au kujeruhi vibaya. Usingoje kuthibitisha kama ameripoti. Malalamiko yanapokewa kwa mdomo au kwa maandishi, na hayahitaji wakili wala barua kutoka kituoni. Waeleze jina na umri wa mtoto, mahali na saa, idadi ya askari, kama walikuwa na sare au nguo za kiraia, nambari ya gari, na hata lakabu ambayo askari huyo anajulikana nayo mtaani, kama ipo. Lakabu imewahi kuwa mwanzo mzuri wa upelelezi kuliko jina ambalo hakuna aliyelijua.

Kisha omba mambo mawili mahususi, kwa maandishi. La kwanza, mpelelezi wao ahudhurie upasuaji wa kesho. La pili, wachukue mara moja rejista ya silaha ya kituo na bunduki zilizokuwa zamu Jumatatu jioni. Rejista hiyo huonyesha nani alipewa bunduki gani, nambari yake, alitoka na risasi ngapi na akarudi na ngapi. Familia haiwezi kuiona, lakini IPOA inaweza kuidai. Mtaalamu wa silaha anaweza kulinganisha ganda la risasi na bunduki iliyolitema, lakini ni rejista inayounganisha bunduki na mkono wa mtu. Bila hiyo, kesi hubaki kwenye "askari waliokuwa doria", na mahakama haimfungi doria. Usiondoke bila nambari ya malalamiko yako.

Kutoka hapo wasiliana na IMLU, shirika ambalo kwa miaka mingi limekuwa likitoa madaktari huru wa kushuhudia upasuaji wa aina hii. Daktari wa serikali ndiye atakayepasua, na daktari wa familia husimama kando, hutazama, huuliza na kuandika yake. Ikiwa hatapatikana kesho, andika barua fupi ya kuomba upasuaji usogezwe, uipeleke kwa mkuu wa kituo, nakala kwa msimamizi wa mochari na nyingine kwa IPOA. Mwili ulio kwenye jokofu hauharibu ushahidi kwa kukaa siku tatu zaidi. Upasuaji wa haraka usio na shahidi huuharibu kwa dakika arobaini, na ukishafanyika, wa pili hukuta vidonda vimekatwa na risasi imekwenda kusikojulikana.

Asubuhi ya upasuaji, anza na ile rejista ya mochari. Iangalie kwa makini kabla haijarekebishwa: mwili uliletwa na nani, saa ngapi, kwa gari gani, na nambari gani ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi) imeandikwa pale. Nakili yote. Halafu dai jina na umri sahihi viandikwe. Ile "miaka 20 hivi" usiichukulie kama kosa dogo la karani. Kikatiba mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, na mtoto anapokuwa "mwanamume wa miaka 20" kwenye karatasi ya kwanza, karatasi zote zinazofuata huinakili. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama hakipo, kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo au barua ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye rejista ya wanafunzi itasaidia. Watu wawili wa familia hutakiwa kuutambua mwili, nao wahakikishe majina yao na umri wa mtoto yameandikwa sawa kwenye fomu ya upasuaji, ile inayoitwa 23A.

Sasa nguo. Kama bado anazo mwilini, zibaki hivyo hivyo mpaka daktari azione. Kama mmeshakabidhiwa, zisifuliwe wala zisiwekwe kwenye karatasi ya plastiki, kwani damu mbichi ndani ya plastiki huoza na kufuta alama. Zianikwe kivulini mpaka zikauke, kila vazi lifungwe peke yake kwenye mfuko wa karatasi, na mfuko uandikwe tarehe, saa na jina la aliyezifunga. Watu husahau nguo kwa sababu macho yote yako kwenye kidonda. Lakini risasi ikipita kwenye shati kwanza, masizi na chembe za baruti hubaki shatini, na ngozi huonekana safi. Daktari asiyeliona shati anaweza kuandika kwamba risasi ilitoka mbali, kumbe mdomo wa bunduki ulikuwa karibu.

Mwambieni daktari wenu ahakikishe mambo haya, na mengi atakuwa anayajua. Mwili upigwe eksirei kabla ya kuguswa na kisu, ili risasi au vipande vyake vijulikane viko wapi. Picha zipigwe zikiwa na rula kando ya kila kidonda, kabla ya kuoshwa na baada ya kuoshwa. Kila kidonda kipimwe kutoka kisigino na kutoka mstari wa katikati ya mwili, kisha kielezwe kama ni cha kuingia au cha kutoka. Cha kuingia kwa kawaida ni kidogo, cha mviringo, na huwa na ukingo wa ngozi iliyochubuka. Cha kutoka huwa kimechanika bila mpangilio. Kwa bastola, masizi huonekana ikiwa mdomo wa bunduki ulikuwa ndani ya takribani sentimita 30, na vidoa vya baruti visivyotoka kwa kuoshwa huweza kufika hadi karibu mita 1. Kupita hapo ngozi haisemi umbali tena. Njia ya risasi mwilini nayo ielezwe: kutoka nyuma kwenda mbele, juu kwenda chini, kulia kwenda kushoto. Mikono na viganja vikaguliwe, maana aliyenyosha mikono au kujikinga mara nyingi huwa na alama hapo.

Hapa tunakutahadharisha kidogo. Risasi iliyoingia mgongoni ikaelekea chini inaweza kumaanisha mtoto alikuwa amelala au amepiga magoti, lakini pia mtu anayekimbia huinama mbele, na pembe ikawa karibu ile ile. Kwa hiyo msimshinikize daktari aandike "aliuawa akiwa amesalimu amri". Kazi yake ni kueleza kidonda. Wakili wa mshtakiwa akikuta ripoti iliyopitiliza, ataishambulia sentensi hiyo moja mpaka nyingine zote zichafuke. Kidonda cha mgongoni kilichoelezwa vizuri, pamoja na video na shahidi, vinatosha kusimama.

Risasi au kipande kikitolewa mwilini, kiwekwe kwenye bahasha, kifungwe, kitiwe sahihi na kukabidhiwa mpelelezi wa IPOA mbele yenu, si askari wa kituo kile kile. Andika nani alimpa nani na saa ngapi. Mwisho, soma sehemu ya chanzo cha kifo kabla hujatoka. "Kuvuja damu kutokana na jeraha la risasi" ndiyo lugha unayotaka kuona, na hiyo hiyo ndiyo iende kwenye cheti cha kifo.

Kuhusu taarifa iliyochapishwa tayari: dada yako asiisaini. Taarifa ni maneno ya shahidi mwenyewe, na kama yeye hakuwa pale uchochoroni, hana la kueleza juu ya bastola ya bandia wala amri ya kusimama. Karatasi za aina hii mara nyingi huwa na sentensi moja iliyofichwa katikati, kwa mfano kwamba mtoto alikuwa na "marafiki wabaya", au kwamba familia "haina shaka na mazingira ya kifo". Miaka mitatu baadaye sentensi hiyo husomwa mahakamani kwa sauti. Aandikishe taarifa yake IPOA, kwa Kiswahili, asomewe, arekebishe palipokosewa, atie sahihi kila ukurasa, na apewe nakala. Kituoni mnachohitaji ni kimoja tu, nambari ya OB ya tukio na saa lilipoandikwa. Asiende huko peke yake. Aende na wewe na mtu mwingine mmoja, ikiwezekana wakili au mtetezi wa haki za binadamu anayefahamika mtaani.

Saa hiyo ya OB ina maana kubwa kwa ajili ya ile bastola ya bandia. Swali la mahakama halitaishia kwenye kama kulikuwa na kidude pale. Itaulizwa askari aliona nini kabla hajafyatua, nani alikiokota, kilitajwa mara ya kwanza saa ngapi, kiliingizwa lini kwenye rejista ya vielelezo, na kama kilikaguliwa alama za vidole. Ikiwa taarifa ya saa mbili usiku haikitaji na ya asubuhi inakitaja, hilo peke yake ni jambo la IPOA kulichimba. Huko Kinango, Kwale, Agosti 2014, polisi waliingia usiku kwenye nyumba na kumuua kwa risasi Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14, wakasema aliwakabili na panga. IPOA ilichunguza, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwakuta maafisa wawili na hatia ya kuua bila kukusudia na kuwafunga miaka 7 kila mmoja. Maelezo ya panga hayakuwaokoa. Tunaitaja kesi hii kwa sababu watu wengi wanaamini hakuna polisi aliyewahi kufungwa kwa risasi ya mtoto Kenya, na imani hiyo ndiyo humfanya shahidi akae kimya.

Video ya jirani isikatwe, isiongezwe maandishi, na isitumwe kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa sababu programu huibana na kupunguza ubora, na taarifa za saa na kifaa hupotea. Ihamishwe kwa waya kwenye flashi mbili. Kama hakuna njia ila simu, itumwe kama dokumenti. Simu yenyewe iliyorekodi ihifadhiwe na isiuzwe, maana Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, hudai hati inayoeleza kifaa kilichotumika na jinsi rekodi ilivyotolewa. Jirani atatia sahihi hati hiyo. Je, iwekwe mtandaoni? Kelele za umma zimewahi kusukuma faili zilizolala, hatukatai. Lakini video iliyopigwa dirishani humwonyesha kila mtu dirisha lilipo. IPOA ipewe kwanza, wakili aione, na jirani mwenyewe aamue akijua hatari yake. Wanaomhimiza aiweke leo hawatakuwa naye usiku.

Kuna kamera za maduka pia. Mashine nyingi hufuta picha za zamani zenyewe baada ya siku chache au wiki kadhaa. Pita leo kwa kila mwenye kamera inayoelekea njia hiyo, umwombe ahifadhi kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku, ili gari la polisi lionekane likiingia na likitoka. Linganisha saa ya kamera na saa ya simu yako na uandike tofauti, kwa sababu kamera iliyochelewa dakika 11 isiyofafanuliwa huleta ubishi usio na mwisho. Mkiona ganda la risasi chini, msiliokote. Lipigeni picha pembeni kukiwa na sarafu, kisha picha ya mbali inayoonyesha ukuta au mlango wa karibu, mlifunike na ndoo, mmpigie mpelelezi.

Yule rafiki wa miaka 14 ndiye shahidi wenu mkuu, na ndiye anayehitaji uangalifu kuliko wote. Mama yake ana haki ya kuogopa. Kumpeleka mashambani si kosa, mradi mpelelezi wa IPOA ajue yuko wapi na ana simu gani ya kumpata. Kabla hajaondoka, aandikishwe taarifa na IPOA mzazi wake akiwa hapo, mara moja na kwa ukamilifu. Msiwaruhusu wanahabari, wanaharakati na majirani kumrekodi kila mmoja kivyake. Mtoto akisimulia mara sita, kutakuwa na tofauti sita, na si kwa sababu anadanganya. Lakini zote zitawekwa mbele ya hakimu kana kwamba anadanganya. Hatari ikizidi, kuna Wakala wa Kulinda Mashahidi, taasisi ya kisheria isiyo sehemu ya polisi. IPOA au wakili anaweza kupeleka ombi. Ajue tu kwamba ulinzi kamili ni kuhama kweli: shule mpya, mtaa mpya, na mawasiliano yaliyobanwa. Familia nyingine hukubali, nyingine hukataa baada ya kusoma masharti. Wote wawili, yeye na mama yake, wasitajwe kwa jina mazishini.

Pesa za chifu zikatae kwa adabu. Kesi ya mauaji ni ya Jamhuri, si ya familia, kwa hiyo hakuna jeneza linaloweza kuifuta. Ila huwa hivi: pesa zikipokelewa, baada ya wiki hufuata karatasi ya kiapo kwamba familia "imesamehe", mashahidi wakisikia hivyo hujitoa, na faili hufa bila mtu kuiua. Andika tarehe, saa na maneno ya chifu jinsi alivyoyasema, kisha uyaongeze kwenye malalamiko ya IPOA. Kama kuna mzee wa ukoo aliyeshapokea chochote, msigombane naye sasa. Mwelezeni mpelelezi ukweli. Kupokea msaada wa mazishi hakumwondolei dada yako haki yoyote.

Kuhusu Ijumaa, wazee wanaweza kukubaliwa ikiwa upasuaji umekamilika mbele ya madaktari wote wawili, picha zipo, na risasi imekabidhiwa. Bila hayo, waombeni wasogeze. Hakimu anaweza kuamuru kaburi lifukuliwe, na imewahi kufanyika, lakini hicho ni kitu ambacho hutaki kumpitisha mama ya mtoto.

Sasa lile swali lako la sheria. Matumizi ya bunduki yanatawaliwa na Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Bunduki ni njia ya mwisho, pale njia nyepesi zisipotosha, na lengo kuu ni kuokoa maisha ya askari au ya mtu mwingine yaliyo hatarini wakati huo huo. Askari hutakiwa kujitambulisha, kutoa onyo lililo wazi, na kumpa mtu nafasi ya kulitii, isipokuwa kufanya hivyo kungehatarisha maisha. Na jedwali hilo linataja watoto waziwazi: askari afanye kila juhudi kuepuka kutumia bunduki, hasa dhidi ya watoto. Kuna kipengele kinachozungumzia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa anayetoroka kizuizini, na mawakili wa polisi hupenda kukinyoosha kifike mbali. Mpwa wako hakuwa ameshtakiwa wala hakuwa kizuizini. Kukimbia mlio wa risasi si kutoroka kizuizini.

Jedwali hilo pia linasema amri ya mkubwa si kinga kwa nguvu iliyotumika kinyume cha sheria. Linamtaka askari ampe majeruhi msaada wa matibabu mara moja na kuwaarifu jamaa. Ninyi mlizunguka usiku mzima bila kuambiwa. Andikeni hilo kwenye malalamiko kama jambo linalojitegemea, pamoja na muda uliopita kati ya risasi na kufikishwa hospitalini au mochari. Mtoto aliyevuja damu saa nzima huku gari la polisi likiwa pale ni hoja tofauti na risasi yenyewe, na mara nyingi ni rahisi zaidi kuithibitisha.

IPOA ikimaliza, faili huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anaweza kuamua mashtaka ya mauaji, yanayosikilizwa Mahakama Kuu, au ya kuua bila kukusudia, au kurudisha faili kwa upelelezi zaidi, au kuelekeza hakimu afanye uchunguzi wa hadharani wa chanzo cha kifo. Familia nyingi hulia zikisikia hilo la mwisho, zikidhani kesi imetupwa. Si lazima iwe hivyo. Kifo cha mtoto mchanga Samantha Pendo wa Kisumu, Agosti 2017, kilipitia njia hiyo. Hakimu alitoa uamuzi mwaka 2019 uliowanyooshea kidole makamanda wa polisi, na Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza kuwashtaki maafisa kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Ni miaka mitano hadi kufikia mashtaka tu, na hatutakudanganya kwamba yenu itakuwa ya miezi. Ndiyo maana tunasisitiza karatasi: mpelelezi wa mwaka wa nne huwa hajawahi kumwona wa mwaka wa kwanza.

Kila mwezi andika barua IPOA ukitaja nambari yako, nakala kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Wakinyamaza, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ambayo huipa ofisi ya umma siku 21 za kujibu. Kesi ikifika mahakamani, Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inampa dada yako haki ya kujulishwa na kusikizwa kupitia wakili wake mwenyewe, na Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2020 kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki kesini kwa idhini ya mahakama badala ya kukaa akitazama. Wakili wa bure mtafuteni kupitia shirika la Kituo cha Sheria, IMLU au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

La fidia linaweza kungoja baada ya mazishi, lakini lina mtego. Kesi ya madai ya kawaida dhidi ya serikali sharti ifunguliwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo, na huwezi kuifungua kabla mahakama haijampa mzazi idhini ya kushtaki kwa niaba ya marehemu, jambo ambalo nalo huchukua muda. Mawakili wengine hupendelea ombi la kikatiba Mahakama Kuu, ambalo halina kikomo hicho, ingawa anayechelewa bila sababu huulizwa. Msingoje kesi ya jinai iishe. Wengi waliongoja waliambiwa mwaka wa tatu kwamba muda ulikwisha zamani.

Ikiwa kuna mtoto au mtu mzima mwingine aliyejeruhiwa jioni ile, hata kwa risasi iliyomparuza tu, apate matibabu na fomu ya P3 (ile ya polisi ambayo daktari hujaza kuhusu majeraha) wiki hii, kidonda kikiwa bado kinasomeka. Ushahidi wake utahitajika kwenye faili hiyo hiyo.

Washauri